Kidude cha Mwalimu Elia na Betri Zake Mbili

Ile alama ya kuungua iliyo kwenye kona ya meza, upande wa kushoto, msiipige msasa. Najua inawakera. Mmeniambia mara nyingi kwamba mnataka kuipaka meza rangi mpya ili wateja wa pale stendi ya Singida waone wamefika kwa mafundi wa kisasa, na mimi sina neno, meza ni yenu sasa. Macho yangu yamekataa kuona pini za simu, nimerudi Mtinko kulima alizeti kabla hata sijafika miaka hamsini, na watu wananiita mstaafu kwa utani. Lakini ile alama iacheni. Ilitokea siku niliposahau kwamba nimeshika chuma cha moto, kwa sababu kioo cha kompyuta kilikuwa kinanionyesha kitu ambacho sikuwahi kukiona katika kazi hii, na sijakiona tena.

Kabla ya meza hiyo sikuwa na meza. Nilikuwa na begi. Nilimaliza kidato cha nne, nikashindwa kukaa mahali pamoja. Leo mnada wa Mtinko, kesho Sepuka, wiki nyingine niko Manyoni nalala kwa shangazi. Nilikuwa naona nikikaa sana sehemu moja watu watajua kwamba sijui kitu. Mpaka leo, nikisikia honi ya basi, miguu inawasha.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Maneno wa Itigi, jirani na reli. Alikuwa fundi redio, mtu mfupi, mpole, mwenye matusi machache aliyoyatunza kwa siku maalumu. Moja ya siku hizo ilikuwa yangu. Mteja mmoja alileta redio inayokumbuka stesheni, zile za kubonyeza namba. Nilichomoa betri zote ili niisafishe, nikairudisha inang'aa. Jioni mteja akarudi, akasema kwa upole, "Fundi, redio yangu imesahau."

Fundi Maneno hakunipiga. Alinituma nyumbani kwa yule mteja nikamuulize mkewe mzee anasikiliza nini saa ngapi, nikae pale nizitafute stesheni zote mpaka redio ikumbuke. Yule mama alinipa viazi na maswali mengi kuhusu ukoo wetu. Niliporudi, Fundi Maneno akaniambia, "Kabla hujachomoa kitu, jiulize kinalisha nini." Nilidhani ni maneno ya kumtisha mwanafunzi. Miaka mingi baadaye ndiyo yaliyoniokoa.

Sasa sikilizeni habari ya kidude.

Alikuja mezani kwangu dada mmoja kutoka Ihanja, jina lake Naomi, umri wake kama wenu hivi. Akaniamkia, nikaitikia, nikamuuliza simu imefanya nini. Akasema siyo simu. Akafungua kanga, ndani yake mlikuwa na kijikompyuta cha mkononi, cha kijivu, ukubwa wa kiganja, cha zama zile kabla simu hazijajifunza kufanya kila kitu. Mtu alikuwa anaandikia humo miadi, namba za watu na kumbukumbu zake, kwa kalamu isiyo na wino. Kilikuja pamoja na kitako chake, yaani kile kiti cha plastiki ambamo unachomeka kidude, na waya wake unakwenda kwenye kompyuta. Waya ulikuwa umetafunwa na panya. Mafundi wa meza za jirani walicheka wakauliza kama kinashika redio.

Naomi hakucheka. Akanieleza. Baba yake, Mwalimu Elia, alikuwa mwalimu wa kwaya pale Ihanja tangu yeye hajazaliwa. Mgeni mmoja aliyekuwa anapima visima alimwachia kile kidude zamani, na Mwalimu akakipenda kuliko baiskeli. Alikuwa anatungia nyimbo humo. Mnajua nota za kwaya zinazoandikwa kwa herufi, d kwa do, r kwa re, m kwa mi? Kwake hicho kidude kilikuwa daftari lisiloloa mvua. Wanakwaya walikiita kidude cha Mwalimu, na mtoto akikigusa alichapwa.

Kisha mama yake Naomi akafariki. Alikuwa ndiye sauti ya kwanza ya kwaya, na watu walikuwa wakisema akiimba kanisani wanaopita barabarani wanapunguza mwendo. Baada ya msiba Mwalimu alikaa siku nyingi nje ya nyumba na kidude chake, anagusagusa kwa ile kalamu. Aliwaambia wanakwaya anatunga wimbo wa mke wake, sauti zote nne, wataukuta tayari siku ya kubariki kaburi. Hakumwonyesha mtu. Halafu akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa na maneno yakafungwa. Alibaki anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, hawezi kusema hata jina la mwanawe.

"Alikuwa ananyoosha kidole kwenye droo," Naomi akaniambia. "Kila baada ya muda, anaonyesha droo. Nampa Biblia, anakataa. Nampa miwani, anakataa. Mwisho nikatoa hiki, akanionyesha rimoti ya redio. Nikaelewa. Anataka nikibadilishie betri."

Akawa anakibadilishia betri, zile ndogo za rimoti, mbili. Lakini kioo kilikuwa kinakufa. Siku aliyokuja kwangu kilikuwa cheusi chote, isipokuwa ukanda mwembamba juu, upana wa wembe, ambao ulionyesha saa. Wimbo ulikuwa ndani na hakuna aliyeweza kuusoma. Kaburi lilikuwa limeshajengwa, mchungaji ameshapanga siku. Na baba yake, alisema, alikuwa anaendelea kuonyesha droo, mara nyingi zaidi kuliko zamani, na usiku halali.

Nikamwambia aniachie. Akasema haachi, atakaa hapohapo. Nikampa kiti.

Jambo la kwanza lilikuwa betri. Vidude vya aina hiyo havina mahali pa kudumu pa kuhifadhia. Kila kilichomo kinaishi kwa kulishwa na zile betri. Ukizichomoa una kama dakika moja, kuna kitu kidogo ndani kinachoshikilia chaji, na kwa kidude cha umri ule hata hiyo dakika sikuiamini. Nilipima betri, zilikuwa zinakaribia kuisha. Na kuongea na kompyuta kunakula betri kuliko kitu kingine chochote. Hapo nikamsikia Fundi Maneno sikioni.

Kwa hiyo nilifanya hivi, na nyinyi mfanye hivihivi mkikutana na kitu kama hicho. Nilichukua betri mbili kubwa, mpya, kwenye kifuko chake cha plastiki, nikaunga nyaya mbili nyembamba. Nikazigusisha kwenye vyuma vya ndani, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, nikazibana. Sasa kidude kilikuwa kinakula sehemu mbili. Ndipo nikachomoa zile ndogo za zamani, moja, kisha nyingine, nikaweka mpya. Naomi alikuwa amefumba macho. Saa kule juu kwenye ukanda ikaendelea kutembea. Nikamwambia afumbue.

Jambo la pili ndilo lililonichosha. Kompyuta mpakato yangu ilikuwa na mfumo mpya, ule unaojisasisha wenyewe kila ukiwa na haraka. Nilichomeka kitako, kompyuta ikasema haikijui hicho kifaa. Nikatafuta programu yake ya zamani, ikagoma kuingia. Kampuni iliyokitengeneza ilishaacha kukihudumia zamani sana, na walioandika mfumo mpya hawakuwa na sababu ya kukikumbuka. Nilijaribu kila nilichokijua, nikaanza na nisichokijua. Naomi aliniuliza kama kompyuta imeharibika. Nikamwambia haijaharibika, haijatambulishwa tu kwa mgeni.

Nilikuwa na kompyuta nyingine, kuukuu, ambayo niliitia mfumo wa bure, ule unaotengenezwa na watu wa kujitolea duniani kote. Huo nao ulisema haukijui, lakini ulisema kwa namna ya mtu anayejikuna kichwa. Nikaingia mtandaoni. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, nikasoma na kamusi pembeni. Nikakuta baraza zima la watu wazima, wa nchi ambazo sijawahi kufika, wanagombana kuhusu vidude vya aina hiyo. Mmoja anatunza ratiba ya dawa za mama yake. Mmoja ana mashairi. Mmoja hakusema ana nini, alisema tu hawezi kukitupa. Nilijikuta nawapenda.

Mmoja wao alikuwa ameandika jambo dogo ambalo wengine wote walilipita. Sisi tumezoea kuanza na kompyuta. Unaiambia kompyuta itafute, halafu unaunganisha kifaa. Huyu alisema kidude hiki ni kinyume. Kikiwa kwenye kitako, kimenyamaza, kompyuta haikioni kabisa, ni kama hakipo. Lango lake linafunguka pale tu unapobonyeza kitufe cha kwenye kitako, na linafunguka kwa kitambo kidogo, kisha linajifunga. Kwa hiyo kitufe kwanza, halafu ndiyo uiite kompyuta. Ukitangulia wewe, utaita mpaka jua lizame.

Nikachomea risasi ule waya uliotafunwa na panya. Chuma bado kiko mkononi, nikamwambia Naomi abonyeze kitufe. Akabonyeza. Kidude kikalia, mlio mwembamba unaopanda, tii-ti-tii. Nikapiga kibodi kwa mkono mmoja.

Kwanza hakukuwa na kitu. Halafu mistari ikaanza kushuka kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine. Majina ya watu wa Ihanja na Sepuka. Siku za mazoezi. Kumbukumbu ya kununua chumvi. Halafu nyimbo. Herufi na nukta na vistari, d:m:s, l:-:s, ukurasa juu ya ukurasa, na chini ya nota maneno ya Kinyaturu. Mtu ambaye hajasema neno tangu augue alikuwa anasema, na hanyamazi. Naomi alisimama, akaweka kidole kwenye kioo chini ya mstari mmoja, akasoma kwa sauti jina la mama yake.

Ndipo tukasikia harufu ya mbao inayoungua.

Sasa niwaambie kosa, kwa sababu kazi haikuishia pale. Nilitaka wimbo uchapwe vizuri kwa ajili ya kwaya. Nikaufungua kwenye programu ya majedwali, na ile programu ina tabia yake: ikiona koma, inadhani ni ukuta wa safu. Kila penye koma ikakata, ikanitawanyia nota kwenye vyumba ovyo. Nikaona ni uchafu wa kuhamisha. Nikaunganisha vipande, koma nikazifuta zote, ukurasa ukawa msafi kama sare ya siku ya kufungua shule. Jambo la pili, kwenye ubeti wa mwisho mstari wa sauti ya kwanza ulikuwa mtupu. Vistari tu mpaka mwisho. Nikamwambia Naomi kwa huzuni kwamba naona kipande hicho kimepotea, kioo kilipokufa labda kilikwenda nacho.

Akasema kilichopatikana kinatosha, akanialika Ihanja kwenye mazoezi.

Walikuwa uani kwa Mwalimu, kwaya nzima, na yeye kwenye kiti cha plastiki, fimbo mkononi, upande mmoja wa uso umelala. Nilimwamkia. Alinitazama kwa muda, akanishika mkono kwa ule wake mzima na hakuuachia mpaka walipoanza. Mimi ni Mwislamu, na Mama Tatu, mama mnene wa sauti ya pili ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, alishanipa cheo cha shehe wa kwaya.

Wakaimba ubeti wa kwanza. Mzee Yona, kiongozi wa besi, akasimama katikati.

"Fundi, hii besi umenipandisha juu ya paa. Ngazi umeiweka wapi?"

"Imba tu, Yona," Mama Tatu akasema. "Labda Mwalimu aliona umekuwa kijana."

Wakacheka, wakaendelea. Ubeti wa mwisho, wale wa sauti ya kwanza, kwa kuwa kipande chao kilipotea, walikuwa wamekubaliana wajaze wenyewe, wafuate alto, ile sauti ya pili. Walikuwa wanaimba vizuri. Mwalimu Elia akapiga fimbo kwenye mguu wa kiti. Wakanyamaza. Akapiga tena, ingawa wameshanyamaza.

Naomi akapiga magoti mbele yake, akauliza ni maji, ni jua, ni nini. Hakumjali. Alikuwa ananitazama mimi. Akageuza fimbo, akaanza kuandika vumbini kwa mkono wa kushoto, polepole sana, mkono ambao haukufundishwa kuandika. Akaandika d. Halafu chini yake, pembeni, akaweka mkia mdogo. Akaugonga ule mkia kwa ncha ya fimbo.

Nikautambua, ni koma. Nilikuwa nimeufuta kwenye ukurasa mzima.

Nikamuuliza Mzee Yona alama ile ni ya nini. Akasema ni ya kushusha, nota yenye mkia inaimbwa chini, kila mwanakwaya anajua hilo. Alidhani Mwalimu safari hii hakutaka. Niliwahi kupoteza stesheni za redio ya mtu. Hapa nilimtoa Mwalimu chini alipokuwa amekaa, nikampandisha mahali ambapo mkewe ndiye alikuwa anaimba.

Lakini sikilizeni, vijana. Ile nakala ya kwanza, kama ilivyotoka kwenye kidude, sikuigusa. Nilikuwa nimeitunza peke yake, na nilichokisafisha kilikuwa nakala ya nakala. Hiyo ni tabia, ishikeni hata kwa picha za harusi. Nilikuwa na kompyuta kwenye begi. Tukaifungua palepale, na Mama Tatu, ambaye anajua nota kuliko wote, akarudisha mikia kwa peni kwenye kila karatasi, na kwa kila mkia alinitazama.

"Na hiki kipande kilichopotea?" nikamuuliza, nikimwonyesha ule mstari mtupu.

Akainama kusoma maneno ya Kinyaturu yaliyo chini. Alisoma mara ya pili. Alipozungumza hakuwa na utani.

"Hakijapotea, fundi. Anamwambia mama Naomi, umeondoka na sauti ya juu, sisi tumebaki na ya chini. Ameacha wazi. Hapa hapaimbwi."

Naomi akamgeukia baba yake. "Ni hivyo, baba?" Mwalimu akafumba macho, akayafumbua.

Nimezunguka mkoa huu wote na begi mgongoni, nimesikia mengi yakitoka kwenye redio, kanda, santuri za wazee na simu zenu. Siku ya kubariki kaburi niliposimama nyuma ya watu, nje kidogo ya Ihanja, upepo wa kiangazi unavuta kanga za kina mama, nilisikia ubeti wa mwisho. Sauti ya kwanza ikasimama. Wale kina mama walikuwa wamesimama midomo imefungwa, wanatazama mbele, na pale walipotakiwa kuwa waliendelea kuwepo, kwa namna ambayo sijui kuieleza na nimeacha kujaribu. Alto ikapungua, sauti ya tatu nayo ikapungua. Ikabaki besi, Mzee Yona na wenzake, wanashuka, wanashuka, mpaka ikawa kama inatoka kwenye udongo wenyewe. Watu wazima walitazama chini ya miguu yao. Mwalimu Elia alikuwa anaongoza kwa vidole vya mkono wa kushoto, juu ya goti, na zaidi yangu hakuna aliyekuwa anamtazama, lakini wote walimfuata.

Baadaye tukala wali na kuku pale uani. Naomi akaleta kidude kwenye sinia dogo pamoja na betri mbili mpya, kwa sababu siku ya kubadilisha ilikuwa imekaribia, na fundi yupo. Nilikuwa nimeshatoa kifuko changu chenye nyaya. Mwalimu akanizuia kwa kiganja. Akakichukua mwenyewe, akakilaza mapajani kifudifudi, akaingiza ukucha kwenye kifuniko cha betri.

Nilishtuka, nikataka kumshika. Mnajua jinsi tulivyohangaika na kile kitu. Naomi akaniwekea mkono begani. Kifuniko kikafunguka. Mwalimu akakiinua na kukigeuza, betri zikadondoka kwenye kiganja changu, moja, kisha nyingine. Akakigeuza tena, tukatazama sote watatu ule ukanda wa juu wenye saa. Ulikaa kidogo. Ukafifia. Ukazima.

Naomi ananiambia tangu siku ile hajanyoosha tena kidole kwenye droo, na usiku analala.

Zile betri alizonipa bado zilikuwa na nguvu. Nilipofika nyumbani nilizitia kwenye rimoti ya redio.